Tupate Usingizi Mzuri Usiku



Wako watu wanaofika zahanati na kusema, "Daktari, nipe vidonge vya usingizi. Usiku kucha nageuka-geuka kitandani." Wengi wao hawahitaji vidonge. Wanahitaji kubadili mazoea ya kila siku.

Mtu mzima anahitaji kulala saa 7 au zaidi kila usiku. Mtoto wa shule ya msingi anahitaji saa 9 hadi 12. Asiyelala vya kutosha huchoka na kukasirika upesi. Anaweza hata kujikata kwa panga akifyeka shamba la mikorosho.

Mwili una saa yake. Saa hiyo huongozwa na mwanga. Mwanga wa asubuhi huuambia mwili: kumekucha. Giza huuambia: pumzika.

Tufanye nini?

1. Amka wakati ule ule kila siku. Hata kama ulikesha ngomani, usilale mchana kutwa. Nusu saa baada ya chakula cha mchana inatosha.

2. Usinywe chai wala kahawa jioni. Zina kafeini, nayo hufukuza usingizi. Baada ya saa 5 hivi, nusu ya kafeini bado imo mwilini.

3. Usitafute usingizi katika uraka au gongo. Pombe humlaza mtu upesi, lakini humwamsha usiku wa manane. Kesho yake anaitaka tena.

4. Kula mapema. Ukishiba sana kisha ukalala, utapata kiungulia.

5. Weka simu mbali saa 1 kabla ya kulala. Mwanga wake na habari zake huiamsha akili.

6. Lala ndani ya chandarua chenye dawa. Utaepuka kelele za mbu, na malaria pia.

7. Mambo ya madeni na ada ya shule yazungumzeni jioni, si kitandani. Usingizi ukikataa, usiulazimishe. Inuka, kaa kimya penye mwanga mdogo. Rudi kitandani ukianza kusinzia.

Jihadhari na jiko la mkaa

Mwezi wa Juni na Julai usiku una baridi hapa Mkunya. Usiingize jiko la mkaa chumbani ili kupata joto. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haionekani wala hainuki. Watu hulala wasiamke tena. Tumia shuka mbili au blanketi.

Akina baba, sikilizeni

Mama anayetwanga, kupika na kulaza watoto hadi usiku, kisha akaamka alfajiri kufuata maji, hawezi kupata saa 7 za kulala. Kwake mazoea hayatoshi. Baba, chukua ndoo nawe. Hiyo ndiyo dawa yake.

Nenda zahanati

Ukikosa usingizi kwa wiki kadhaa, au una huzuni isiyoisha, nenda zahanati. Nenda pia ukikohoa wiki 2 au zaidi, ukitoka jasho jingi usiku, au ukiamka kukojoa mara nyingi. Huenda kuna ugonjwa. Usijinunulie vidonge dukani.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini jiko la mkaa ni hatari chumbani?
2. Pombe hufanya nini kwa usingizi?
3. Nyumbani kwako, nani hulala saa chache kuliko wote? Mtamsaidiaje?