Beji ya Mama Si Mali ya Ukoo

Kila Jumamosi mchana huketi kwenye meza ya pembeni katika ukumbi mmoja wa jumuiya hapa England, nikisaidia watu kujaza fomu. Wanaokuja ni Wazanzibari, Wabrava, Wakenya wa pwani na wa bara, Wakongo, Warundi. Zamani fomu nyingi zilikuwa za uhamiaji. Siku hizi waliokuja wakiwa vijana wameshika magoti, na fomu inayoongoza ni ya Blue Badge, beji ya bluu inayomwezesha mwenye ulemavu kuegesha gari karibu na anakokwenda. Haya ni maswali yanayorudi kila wiki. Sheria ninazoeleza ni za England; Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao, na penye tofauti ya kukumbukwa nitaitaja.

Nani anastahili? Naambiwa ni lazima uwe kwenye kiti cha magurudumu.

Si lazima. Mchoro wa kiti ulioko kwenye beji umewapotosha wengi. Mpango wenyewe ulitokana na sheria ya mwaka 1970 iliyopelekwa bungeni na Alf Morris. Beji za mwanzo, mwaka 1971, zilikuwa za rangi ya chungwa. Bluu ilikuja mwaka 2000.

Kuna milango miwili ya kuingilia. Wa kwanza hauna upimaji: ukionyesha barua inayotakiwa, unapita. Hapo wamo waliosajiliwa kuwa vipofu, wanaopata kiwango cha juu cha fedha za usafiri kwenye DLA, na wenye PIP (zote mbili ni malipo ya serikali kwa wenye ulemavu) waliopewa pointi 8 au zaidi kwenye kipengele cha kutembea, maana yake hawawezi kwenda zaidi ya mita 50. Yapange foleni mabasi matano mekundu ya London. Hapo ndipo penye mita 50. Wamo pia waliopewa pointi 10 kwenye kipengele cha kupanga na kufuata safari kwa sababu kutoka nje kunawaletea dhiki kubwa ya moyo. Ajabu ni kwamba aliyepewa pointi 12 kwenye kipengele hicho hicho hapiti moja kwa moja. Huyo huelekezwa mlango wa pili. Usiniulize hekima yake. Soma barua yako ya PIP mstari kwa mstari kabla hujajaza chochote.

Mlango wa pili ni wa kupimwa. Hapo kaunsili, yaani serikali ya mtaa wako, hutazama kama huwezi kutembea, au unatembea kwa taabu kubwa kwa sababu ya maumivu, kukosa pumzi au muda unaokuchukua, au kama kutembea kunahatarisha afya yako. Dereva mwenye ulemavu mkubwa wa mikono yote miwili asiyeweza kutumia mashine za kulipia maegesho anaingia. Mtoto wa chini ya miaka 3 anayebebewa mitambo mizito ya matibabu anaingia pia.

Beji hudumu hadi miaka 3 na ada yake England haizidi pauni 10. Scotland ni hadi pauni 20, Wales ni bure. Omba kupitia GOV.UK au kaunsili yako. Tovuti ikikudai zaidi ya hapo, ifunge. Majibu huweza kuchukua wiki 12 au zaidi, na beji ikiisha haijirudii yenyewe, kwa hiyo anza mapema.

Mama yangu ana miaka 71, magoti yamekwisha. Alipimwa akanyimwa. Kosa liko wapi?

Nilimuuliza dada aliyeleta swali hili: mpimaji alipomwamkia, mama alijibu nini? Akacheka. Mama alijibu, "Sijambo, namshukuru Mungu." Aliulizwa kama anafika dukani, akasema anafika. Na kweli anafika. Hakusema kwamba hukaa kwenye ukuta wa jirani mara mbili njiani, wala kwamba kesho yake hatoki kitandani.

Hili ndilo linalowanyima beji watu wetu kuliko kitu kingine chochote. Sisi tumelelewa kwamba mtu mzima halalamiki mbele ya mgeni. Salamu yetu yenyewe huanza kwa kukana: hujambo, sijambo. Ukiwa na homa utasema "mzima kidogo". Mzee akikiri kwamba bintiye humshika mkono kupanda ngazi anaona amevuliwa nguo hadharani. Fomu ya Kiingereza haijui adabu hiyo. Ukiandika "natembea", inasoma kwamba unatembea.

Simwambii mtu adanganye. Namwambia ahesabu. Kabla ya kujaza fomu, nenda na mama kutoka mlangoni hadi kituo cha basi. Alisimama mara ngapi? Alisimama kwa nini, goti au pumzi? Alitumia dakika ngapi, na wewe peke yako ungetumia ngapi? Alishika nini: fimbo, ukuta, mkono wako? Usiku wake alilala? Andika hayo hayo. Kama kuna siku nzuri na siku mbaya, andika ni siku ngapi za wiki zilizo mbaya. Ambatanisha barua za hospitali na orodha ya dawa. Barua fupi ya daktari inayosema tu kwamba "ana maumivu ya viungo" husaidia kidogo sana, kwa sababu kinachopimwa ni vile ugonjwa unavyokuzuia, si jina la ugonjwa.

Siku ya kupimwa, mtaalamu wa tiba ya viungo anaweza kumtaka atembee huku akimtazama. Aende na viatu na fimbo anavyotumia kila siku, asivae vya harusi. Na ombeni mkalimani. Msimtumie mjukuu. Bibi hawezi kumweleza mtoto wa miaka 13 kwamba hujikojolea kabla hajafika chooni.

Kunyimwa si mwisho. Kaunsili inatakiwa kukueleza sababu, na unaweza kuomba uamuzi utazamwe upya ukiongeza yale ambayo mama aliyameza.

Nina seli mundu. Wiki nyingine natembea kama wenzangu, wiki nyingine siwezi hata kusimama. Ninahesabika?

Unaweza kuhesabika, ila jina "seli mundu" peke yake halitakupa beji wala kukunyima. Weka daftari kwa miezi miwili mitatu: siku za maumivu, siku za hospitali, siku ulizotembea na umbali wake. Maradhi yanayopanda na kushuka hushindwa kwenye fomu kwa kuwa mwombaji huijaza siku aliyopata nafuu.

Mwanangu ana usonji. Miguu yake ni mizima kuliko yangu. Watu wananiambia nisijisumbue.

Hao waliishia kusoma sheria ya zamani. Tangu tarehe 30 Agosti 2019, England imewapa nafasi wazi wenye ulemavu usioonekana. Kinachotazamwa ni kama safari yenyewe, kati ya gari na mlango wa unakokwenda, ina hatari au inamshinda: mtoto anayechomoka mkono na kukimbilia barabarani bila kuona magari, anayepandwa na fadhaa mpaka hawezi kujizuia, au mtu mzima ambaye hofu ya mahali penye watu humfunga asitoke kabisa. Mzee aliyepatwa na ugonjwa wa kusahau, anayeshuka garini na kupotea, anaweza kuomba pia.

Hapa napo kuna aibu ya kuivuka. Nimewahi kuwaona wazazi wakiandika kwamba mtoto "ni mtundu". Mtundu hapewi beji. Andika alivyochomoka, wapi, mara ngapi mwezi huu, nani alimdaka. Shule ikiwa na ripoti, ambatanisha.

Nimevunjika mguu, nina magongo. Vipi?

England, hali inatakiwa iwe ya kudumu kwa muda usiopungua miaka 3, kwa hiyo mguu unaopona hauingii. Scotland na Wales zinaweza kutoa beji kwa hali kubwa ya muda itakayochukua angalau miezi 12. Ujauzito nao si sababu.

Beji ni ya mama, gari ni langu, petroli ni yangu. Nikienda kumnunulia yeye dawa, siwezi kuitumia?

Huwezi, labda mama awe safarini nawe, au uwe unampeleka au kumchukua mahali hapo. Beji imeandikiwa mtu, haikuandikiwa gari. Ndiyo maana mama anaweza kuitoa mkobani na kuiweka kwenye gari la jirani, la kukodi au teksi, na ikafanya kazi. Ndiyo maana pia gari lako, mama asipokuwemo, ni gari kama magari mengine, hata kama kila ulichobeba ni chake.

Najua swali linakotoka. Kwetu sufuria ya mama ni ya nyumba nzima, na mtoto anayemhudumia mzazi haonekani mwizi. Lakini kutumia beji vibaya ni kosa la jinai, faini yake inafika pauni 1,000 na beji inaweza kuchukuliwa. Anayeumia hapo ni mama, kwa sababu ndiye atakayebaki bila beji. Nyuma ya beji kuna picha yake. Askari wa maegesho akiigeuza ataona bibi wa miaka 71, kisha atakutazama wewe.

Kuna wanaomweka mama ndani ya gari kama mzigo, wakamwacha amekaa huku wao wakifanya manunuzi kwa muda wa saa mbili. Sheria haimkatazi mwenye beji kubaki garini, lakini mwongozo wa serikali unataka beji isiwe njia ya wazima kufaidi, na unashauri mtafute maegesho ya kawaida kila inapowezekana. Mimi naongeza: hiyo nafasi moja yenye upana wa kushusha kiti cha magurudumu, kuna mtu anaizunguka akiitafuta.

Mama anakwenda Zanzibar miezi mitatu. Aniachie?

Ibaki droo moja na hati zake. Kuipeleka Unguja pia hakumpi haki yoyote kule. Ni mpango wa huku. Kwenda Ulaya ni tofauti kidogo, baadhi ya nchi huitambua, kila moja kwa masharti yake.

Baba amefariki. Beji yake bado ina mwaka mmoja na nusu.

Poleni sana. Hairithiwi. Inatakiwa irudishwe kwa kaunsili. Hakuna atakayewafuata matangani, lakini msiiache ndani ya gari, kwa sababu siku moja mmoja wenu atakuwa amechelewa na mvua inanyesha.

Je, nikiwa nayo naegesha popote?

La. Mtaani kwenye mita na mashine za kulipia, kwa kawaida huegesha bure na bila kikomo cha muda, ila kibao kikisema vingine. Kwenye mstari wa njano, mmoja au miwili, unaruhusiwa kwa muda usiozidi saa 3, mradi hujazuia njia. Ukiona vistari vifupi vya njano vimechorwa kwenye ukingo wa njia ya waendao kwa miguu, hapo ni marufuku kupakia na kushusha, na beji haikusaidii. Njia za mabasi, njia za baiskeli na karibu na vivuko vyenye mistari ya mikunjo, usijaribu. Katikati ya London, yaani City, Westminster, Kensington and Chelsea na sehemu ya Camden, mpango huu hautumiki kwa ukamilifu; soma vibao vyao kwanza.

Beji ikae kwenye dashibodi, upande wa mchoro wa kiti juu, picha chini. Kwenye mstari wa njano weka na ile saa ya kadi inayokuja na beji, ikionyesha ulipofika, na ukiondoka usirudi barabara hiyo hiyo kabla ya saa moja kupita. Ukifika saa nne asubuhi, mshale uelekee kwenye 10. Usicheke. Mimi mwenyewe niliwahi kuuweka kwenye 4 nikiwa nazungumza Kiswahili kwenye simu, nikarudi nikakuta bahasha kwenye kioo.

Nimepata tiketi kwenye maegesho ya duka kubwa, na beji ilikuwepo.

Hilo ni eneo la binafsi, na kanuni za barabarani haziingii moja kwa moja. Wengine wanataka ulipe, wengine wanataka uandikishe gari ndani. Kwanza tazama karatasi imetoka kwa nani. Ya kaunsili na ya kampuni zote huandikwa PCN, lakini ya kaunsili ni adhabu ya kisheria na ya kampuni ni dai la mkataba. Ya kaunsili ukilipa ndani ya siku 14 kwa kawaida unalipa nusu; kama unapinga, pinga ndani ya siku hizo hizo. Ya kampuni, wapelekee nakala ya beji na uwakumbushe Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, inayowataka wanaohudumia umma wawarekebishie mambo watu wenye ulemavu kwa kiasi kinachowezekana.

Na ile tozo ya kuingia katikati ya London?

Beji inaweza kukuondolea yote, lakini si kwa kuiweka kwenye kioo. Jiandikishe kwanza TfL, mamlaka ya usafiri ya London, kwa pauni 10 na uyataje magari, hadi mawili.

Mwanangu, mimi nina ugonjwa wa mapafu, kwa kunitazama huoni kitu. Juzi kijana alinifokea maegeshoni, akataka nimwonyeshe beji.

Shikamoo mzee, na pole. Wenye haki ya kuitaka mkononi ni polisi na maafisa wa maegesho wa kaunsili wenye kitambulisho. Hao wape waigeuze waone picha. Kuwakatalia bila sababu ya msingi ni kosa. Mpita njia humdai wala hakudai. Usimpe beji aishike, usimweleze mapafu yako. Funga gari, shika ukuta kama unavyoshika siku zote, vuta pumzi, uende zako.