SOMO LA KIINGEREZA: JIHADHARI NA HERUFI "A"



Wengi wetu tulisoma kabla ya 2008, mwaka ambao Serikali iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia shuleni. Leo tunaletewa karatasi za Kiingereza tutie sahihi. Basi tujifunze.

Sisi husema saa nyingi, kazi nyingi. Neno ni lile lile. Kiingereza hugawa. Kinachohesabika huchukua "many": many hours, many kilos. Kisichohesabika huchukua "much": much tea, much work. Faranga ni many francs, lakini fedha ni much money.

Kwenye uchache, kinachohesabika huchukua "few", kisichohesabika "little". Hapa pana mtego. "A few workers will be paid": wafanyakazi wachache watalipwa. Ondoa "a": karibu hakuna atakayelipwa. Vivyo hivyo kwenye dawa ya kunyunyizia: "little danger", hatari karibu haipo, "a little danger", hatari ipo, vaa glavu.

Mimi mwenyewe niliwahi kusoma tangazo la "few" nikadhani "a few". Nikawaahidi wenzangu malipo ya saa za ziada. Hawakupata, na lawama ilikuwa yangu.

Kumbuka pia: "fewer days", siku zimepunguzwa, "less pay", ujira umepunguzwa. Ukiona maneno hayo, muite mjumbe wa chama kabla ya kutia sahihi.

Zoezi: "many" au "much"? — sugar, bags, time, machines. Sahihishaneni wakati wa chakula.