Kufundisha Vitenzi vya Mwendo kwa Fumbo la Maneno

Katika insha nyingi za Darasa la Nne, mzee hutembea, mlevi hutembea, na paka anayevizia panya naye hutembea. Kiswahili kina vitenzi vinavyoitofautisha miendo hiyo. Fumbo la maneno la miraba, ambalo Arthur Wynne alilitoa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, laweza kutusaidia kuvifundisha. Ubao na chaki vyatosha.

Lengo
Mwanafunzi aweze kuchagua kitenzi kinachoufaa mwendo anaouona.

Fumbo
Mwalimu achore mistari 6 yenye vyumba 5 kila mmoja.

Kwenda kulia
1. Enda taratibu bila kishindo, kama paka anayevizia panya (herufi 5).
3. Sogea kwa kuburuza matako sakafuni (herufi 4).

Kwenda chini
1. Misafara ya karne ya 19 iliifuata kwa miguu kati ya Ziwa Nyasa na Kilwa Kivinje (herufi 4).
2. Enda kwa mikono na magoti, kama mtoto asiyeweza kusimama (herufi 6).

Majibu ni NYATA, SOTA, NJIA na TAMBAA. NYATA hukaa mstari wa juu. NJIA hushuka kutoka N yake, na TAMBAA kutoka T yake. SOTA hukaa mstari wa sita na kuishia katika A ya mwisho ya TAMBAA.

Utungaji wa vidokezo
Tuseme mwalimu ameandika tu, "Namna ya kwenda, herufi 5." Nyata, randa, yumba na tamba yote yataingia, na mwanafunzi atabahatisha. Herufi T inayotoka katika TAMBAA huyaondoa matatu na kubakiza nyata. Lakini makutano ya A ya mwisho hayasaidii, kwa kuwa vitenzi vyetu vingi huishia na herufi hiyo. Kwa hiyo maneno yakutane penye konsonanti kila iwezekanapo; isipowezekana, kama ilivyo kwa SOTA, kidokezo kijitosheleze chenyewe. Tena, jibu likiwa kitenzi kisicho na "ku-", kidokezo nacho kianze vivyo hivyo: "enda", "sogea".

Hatua za somo
Kwanza wanafunzi waigize miendo. Neno kama "chechemea" lielezwe kwa maneno au kwa mfano wa mtu aliyechomwa na mwiba. Kamwe mtoto mwenye ulemavu asifanywe kielelezo. Kisha wajaze fumbo wawiliwawili, kila jozi ikitoa sababu ya jibu lake.

Tathmini
Neno lililobaki katika miraba halijajulikana. Kila mwanafunzi aandike sentensi tano kuhusu watu wanaokwenda kuchokoa pweza maji yanapokupwa, mandhari ambayo watoto wa Kilwa Masoko na Lindi huyaona mara kwa mara. Nani ananyata mwambani? Nani anayumba topeni? Mwanafunzi akiitumia "tembea" mahali panapoistahili tu, somo limefaulu.