Baraji Ndogo ya Kupumzikia: Uzuri Wake na Hatari Zake



Siku ya posho na siku ya Mungu wengi wetu hupenda kwenda kando ya maji pamoja na jamaa. Mwenye shamba amefunga mto mdogo kwa udongo, ametia samaki, anapokea wageni. Ni vizuri, maana pumziko ni dawa ya mwili. Lakini maji yaliyofungwa yana sheria zake. Tujifunze pamoja.

1. Baraji ni nini?

Ni ukuta wa udongo ulioshindiliwa, unaozuia maji. Kando yake lazima kuwe na mfereji wa kupitisha maji ya ziada wakati wa mvua. Mfereji huo ndio uzima wa baraji. Ukizibwa na majani, au na wavu wa kuzuia samaki wasitoroke, maji hupanda juu ya ukuta. Udongo humomonyoka, na kwa muda mfupi ukuta wote huenda na maji.

2. Funzo la Toccoa

Usiseme: «Baraji hii ni ndogo, itaua nani?» Huko Toccoa, Marekani, palikuwa baraji ya udongo yenye urefu wa karibu metre 12 kwenda juu. Ilikuwa mali ya chuo kimoja cha dini. Zamani ilitoa umeme. Tangu 1957 ziwa lake likabaki la kupumzikia tu. Miti iliota juu ya ukuta. Tarehe 6 Novemba 1977, saa saba na nusu usiku, baada ya mvua kubwa, ukuta ulivunjika. Watu walikuwa wamelala chini yake. Walikufa watu 39, na watoto kati yao. Baada ya hapo serikali ya kule iliamuru baraji za namna hiyo zikaguliwe.

3. Angalia kwa macho yako

— Miti mikubwa juu ya ukuta: mizizi ikioza huacha njia za maji.
— Vichuguu na mashimo ya panya: ni njia vilevile.
— Nyufa, au udongo ulioteremka: mwambie mwenye baraji siku ileile.
— Maji yanayotoka chini ya ukuta: yakiwa safi, mjulishe mwenyewe. Yakiwa na matope, yanabeba ukuta wenyewe! Ondoka, panda mahali pa juu, waonye wanaokaa bondeni.

Usilale wala usiwashe moto wa kupikia chini ya ukuta, hata kama pana kivuli kizuri.

4. Ugonjwa usioonekana

Katika maji yaliyotulia, penye majani, hukaa konokono wadogo. Mtu mwenye bilharzia akikojoa majini, mayai ya mnyoo hutoka, vijidudu vyake huingia katika konokono, kisha hutoka na kutafuta ngozi ya mtu. Hupenya kwa dakika chache, bila jeraha. Baadaye mtoto hukojoa damu, au huumwa tumbo na kuhara damu. Wazazi wengine husema: «Ni dalili ya ukubwa.» Si kweli! Mpelekeni dispansere apimwe. Dawa ipo, inaitwa praziquantel, na hupimwa kwa uzito wa mgonjwa. Lakini akirudi maji yale yale, ataugua tena. Basi mwenye baraji ajenge choo mbali na maji na kukata majani ya kando. Na sisi tusikojoe majini.

5. Mtu akizama

Kando ya ukuta kina huanza ghafula. Mtoto asiingie bila mtu mzima anayemtazama, na mtu aliyekunywa pombe asiingie kabisa. Mtu akizama, usimrukie kama hujui kuogelea: mtupie kamba au mnyooshee mti mrefu. Akitolewa hapumui, usimning'inize kichwa chini. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua yake, mpulizie pumzi kinywani, tena na tena. Moyo ukiwa kimya, bonyeza kifua kwa nguvu na upesi. Mwingine akimbie kuita msaada.

Kazini hatuingii chini ya ardhi kabla ya kutazama dari. Mbele ya baraji tufanye vivyo hivyo: kwanza kutazama, ndipo kupumzika.

Maswali ya nyumbani: Mfereji wa baraji ni wa kazi gani? Maji ya matope chini ya ukuta yanasema nini? Mtoto akikojoa damu, mtampeleka wapi?