SELI HUJUAJE KWAMBA IMEINGILIWA?

Muhula uliopita mafua ya influenza yaliingia mabwenini, na vitanda vingi vikawa na watu hata mchana. Wiki ile ile nilikuwa nikifundisha Kidato cha Tatu habari za kinga ya mwili. Nilisema kwamba mwili ukikutana na virusi usivyovijua, huchukua siku kadhaa, pengine wiki nzima au zaidi, kutengeneza kingamwili za kutosha. Msichana mmoja aliyekuwa ametoka kuugua akanyosha mkono. "Mwalimu, mimi niliumwa viungo siku ya kwanza tu. Kama kingamwili zilikuwa bado, ni nani aliyejua kwamba nimeingiliwa?" Nilimjibu upesi upesi kwamba ni chembe nyeupe za damu, kengele ikalia, nikatoka. Jibu lile lilikuwa nusu tu, nalo limenisumbua tangu siku ile. Nusu iliyobaki ni hii.

Seli ya koo si askari. Hata hivyo ndani yake mna walinzi, na mara nyingi seli yenyewe iliyoingiliwa ndiyo hutoa habari kwanza. Tabu ni kwamba RNA ya virusi imejengwa kwa vitu vile vile vinavyojenga RNA yetu. Mlinzi ataitambuaje?

RNA inayobeba maagizo ya seli huzaliwa ndani ya kiini, na inapozaliwa huwa na fosfati tatu wazi kichwani. Kabla haijatoka nje ya kiini huvikwa kitu ambacho wataalamu hukiita kofia. Basi RNA ikionekana nje ya kiini kichwa wazi, na tena ncha zake mbili zimeshikana kama nyuzi zilizosokotwa, hiyo si ya nyumbani. Mlinzi anayeikamata ni protini iitwayo RIG-I, ambayo kazi yake hii ilielezwa na wataalamu wa Japani mwaka 2004. Mlinzi huyu hajui sura ya mwizi. Ajua sare ya nyumba yake tu. Yuko na mwingine, cGAS, anayelinda upande wa DNA. DNA yetu hukaa ndani ya kiini, kama daftari kuu la shule linavyokaa ofisini. Ukilikuta daftari hilo uwanjani, hungoji kulisoma ndipo ujue kuna jambo.

Influenza nayo ni hodari wa wizi. Hukata kofia za RNA zetu na kuivika RNA yake ya maagizo, ili mitambo ya seli iisome kama yetu. Niliposoma habari hii mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Lakini RNA yake nyingine, ile inayobeba urithi wake, hubaki kichwa wazi, na hiyo ndiyo inayoifichua. Hata hapo haikubali kushindwa: ina protini yake, NS1, ya kumzuia mlinzi asipige kelele.

Mlinzi akifaulu, habari hupita kwa protini zilizokaa juu ya mitokondria, hufika kwenye kiini, na seli huanza kutengeneza interferoni. Kitu hiki kiligunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann, waliofanya majaribio yao kwa utando wa mayai ya kuku yenye vifaranga vinavyokua. Interferoni yenyewe haiui virusi. Hutoka nje na kuziarifu seli za jirani, nazo huamsha mamia ya jeni. Baadhi ya protini zinazotengenezwa hukatakata RNA. Nyingine husimamisha utengenezaji wa protini, hata zile za seli yenyewe, ili virusi vikifika vikute jiko halina moto.

Na yale maumivu ya viungo? Wagonjwa wa homa ya ini waliotibiwa kwa sindano za interferoni walipatwa na homa, baridi na maumivu kama wenye mafua, ingawa mafua hawakuwa nayo. Sehemu kubwa ya ugonjwa wa siku ile ya kwanza ilikuwa kazi ya mwili wake mwenyewe.

Interferoni isiposikika, hatari ni kubwa. Mwaka 2020 wataalamu walipima damu ya wagonjwa 987 waliozidiwa na UVIKO-19 hata maisha yao yakawa hatarini. Watu 101 kati yao walikuwa na kingamwili zinazoizuia interferoni yao wenyewe. Kati ya watu 663 walioambukizwa bila dalili, au kwa dalili ndogo tu, hakuonekana hata mmoja. Wale 101 interferoni walikuwa nayo, lakini ilikamatwa njiani kabla ya kuwafikia majirani.

Nilimsomea msichana yule haya yote kabla ya kumpa mhariri. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa nini mwili utengeneze kingamwili za kupinga kitu chake wenyewe. Nimemwambia angoje muhula ujao, na safari hii sikujibu upesi upesi.