Kahawa Nyeusi Nyumbani

Wenzetu, wengi wetu twachuma kahawa lakini twanywa chai. Ile "amerikano" ya hoteli za mjini ni nini? Ni espreso, yaani maji moto yaliyosukumwa kwa nguvu kupitia kahawa laini, kisha ikaongezwa maji moto. Basi.

Mashine yake ni ghali. Birika dogo la Kiitaliano, lililobuniwa 1933, hukaribia: mvuke husukuma maji. Jaza maji chini, yasifunike vali ya usalama. Tia kahawa iliyokaangwa na kusagwa, lakini usiishindilie! Njia ikiziba, birika laweza kupasuka. Moto uwe mdogo. Likianza kukoroma, epua upesi, kahawa isiungue. Ongeza maji moto mara mbili. Hebu onja kabla ya sukari. Kahawa iliyochumwa mbichi utaijua hapo.