Mchepuo Gani wa Humanite kwa Mwanafunzi wa Lugha?

Anayemaliza mwaka wa 8 wa elimu ya msingi nchini Kongo hutakiwa kuchagua mchepuo, au seksio, atakaosoma kwa miaka 4 ya humanite. Nyumbani, mara nyingi jina ndilo linaloamua: Sayansi ni ya wenye akili, Ualimu ni wa waliokosa kwingine. Kwa anayetaka kusoma lugha chuo kikuu, kipimo hicho hakifai. Aliyepata angalau alama 50 kwa 100 katika mtihani wa taifa hupewa Diploma ya Serikali, awe ametoka mchepuo wowote. Tofauti iko katika kile alichozoezwa kufanya kila siku. Tulinganishe michepuo mitatu.

1. Kilatini na Falsafa

Hapa mwanafunzi huzoea kuchambua sentensi. Tuchukue mfano: Magister puerum amat, "Mwalimu anampenda mtoto." Tukisema Puerum magister amat, maana ni ileile, kwa kuwa umbo puerum linamtambulisha mtendwa popote liwekwapo. Lakini "Mtoto anampenda mwalimu" ni habari nyingine. Mtoto na mwalimu ni wa ngeli moja. Viambishi a- na -m- vinaweza kumhusu yeyote kati yao, hivyo nafasi ya neno ndiyo inayoamua. Aliyezoea uchambuzi huu huingia kwenye isimu akiwa na msingi. Upungufu wake ni hisabati, ambayo mtafiti wa lugha huihitaji anapohesabu data.

2. Ualimu

Mchepuo huu unafundisha saikolojia na mbinu za kufundisha, tena mwanafunzi husimama mbele ya darasa kwa mazoezi. Diploma yake inamruhusu kufundisha shule ya msingi. Kwa familia isiyo na uhakika wa ada ya chuo kikuu, hilo si jambo dogo. Lakini uchambuzi wa sarufi na fasihi atapaswa kuuongeza mwenyewe.

3. Sayansi

Humzoeza mtu kudai ushahidi na kupanga hoja, jambo linalomsaidia katika fonetiki. Kinachopungua ni muda wa kusoma vitabu vya fasihi.

Pengo la michepuo yote

Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha 4 za taifa, lakini humanite husomwa kwa Kifaransa. Ndiyo maana kijana aliyekisema Kiswahili tangu utotoni anaweza kufika kwetu bila kufundishwa ngeli. Hakuna mchepuo utakaomzibia pengo hilo. Asome Kiswahili kilichoandikwa na kukiandika mwenyewe, tangu mwaka wa kwanza wa humanite.

Basi mzazi aulize mambo mawili: mtoto anapenda kazi gani ya kila siku, na diploma itamsaidiaje iwapo chuo kikuu kitachelewa?

Zoezi: Kwa nini "Kitabu hiki mwalimu anakipenda" haituchanganyi juu ya nani anapenda nini, ingawa mtendwa ametangulia?